KALAMU HATUKUPEWA

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi wenzangu mnaoandika usiku kwenye kaunta buku huku taa imepunguzwa ili mama asigombe, nina neno. Si neno tamu. Nimelikalia wiki tatu nikidhani litapoa. Halikupoa.

Jumamosi moja, kwenye kile kikao chetu cha waandishi vijana, mwenzetu mmoja alisimama kusoma insha yake. Simtaji jina, anajijua, na sote tunamjua kwa ung'eng'e wake unaoteleza kama mlenda. Insha yenyewe ilikuwa nzuri kwa mpango wa maneno, sikatai. Lakini katikati akatutupia hili: tuache kulialia juu ya ukoloni, kwa kuwa Mwingereza ndiye aliyetupa shule, ndiye aliyetupa biashara ya maana, na juu ya yote ndiye aliyetupa kalamu. Bila yeye, eti, mpaka leo tungekuwa tunasimuliana hadithi za sungura gizani. Watu wakapiga makofi, wengine wakagonga meza. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nikatoka nje kunywa maji, maana niliona nikifungua mdomo pale yatatoka matusi.

Basi leo najibu. Najibu kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoiweza, wala sioni haya kusema hivyo.

Kwanza mjue anayesema ni nani. Nimezaliwa Muheza, nimekulia Tanga mjini, shule nimeishia kidato cha nne. Divisheni foo, tena ile ya kuponea chupuchupu. Nina riwaya moja, kaunta buku nne nzima, mwandiko wa mkono. Niliwahi kuipeleka kwa mchapishaji mmoja. Bwana yule hakuifungua hata ukurasa. Aliipima mkononi kama mtu anayenunua samaki sokoni, akaniambia, "Mdogo wangu, riwaya ya Kiswahili haina soko. Kaandike kitabu cha maswali na majibu ya mitihani, hicho nitakuchapia." Nayasema mapema ili asitokee mtu kunong'ona kwamba huyu ana kinyongo. Ninacho. Endelea kusoma.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Pangani aliyehamia Muheza. Nikiwa darasa la sita nilimsindikiza ofisi fulani kufuatilia karatasi za kiwanja. Kijana wa mezani akamwuliza, "Bibi, unajua kusoma na kuandika?" Bibi akajibu, "Najua, mwanangu." Kijana akamsogezea peni: haya, andika jina lako hapa. Bibi akaandika. Akaanzia kulia akaja kushoto, polepole, mwandiko umepinda vizuri, nukta zimekaa mahali pake. Yule kijana akautazama, akacheka kidogo, si kwa ubaya, akachukua fomu nyingine na kuijaza mwenyewe: hajui kusoma wala kuandika. Kisha akasogeza kidau cha wino, akamshika Bibi kidole gumba.

Nami nilicheka. Nilikuwa nimejifunza shuleni kwamba kuandika ni kule kwa a, e, i, o, u, na nilimwonea Bibi aibu mbele ya watu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko divisheni foo.

Bibi alifariki mwaka juzi. Tulipomaliza arobaini, mama mkubwa akanikabidhi daftari moja kuukuu, limeliwa na mende pembezoni, akaniambia, "Wewe ndiye msomi, chukua." Kurasa kama themanini, zote ni Kiswahili, zote zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mjukuu mwandishi, mwenye riwaya ya kaunta buku nne, hawezi kusoma hata mstari mmoja alioandika bibi yake. Hapo ndipo nilipo. Sasa rafiki yangu mwenye insha na aniambie: kalamu ya Bibi alipewa na nani?

Hebu tazama maneno yenyewe. Kalamu, kitabu, karatasi, daftari, herufi. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoshuka na meli ya London. Yalikuja na jahazi, na yalipofika yakapata watu wa kuyatumia. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, na mwaka huo Mwingereza hakuwa na hata kibanda cha makuti pwani yetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alikuwa akitunga mashairi ya kupigana na watawala wa Unguja, na mashairi yake yakawatia joto. Mwana Kupona wa Siu alimwandikia binti yake utendi mwaka 1858, miaka michache kabla ya kufa. Mwanamke, mgonjwa, ameshika kalamu anamwusia mwanawe. Sisi tuliosoma mpaka kidato cha nne tunaambiwa tulikuwa gizani na sungura.

Najua atakayeinuka kusema hao walikuwa wachache, waungwana wa pwani wenye watumwa wa kuwachotea maji. Ni kweli, na sitawapaka mafuta. Bara watu wengi hawakuwa na maandishi hayo, na jahazi hilohilo lililoleta karatasi lilipakia watu waliofungwa minyororo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa kubanwa na Mwingereza, nani atakataa? Lakini tusome mpaka mwisho wa ukurasa. Sheria ya kufuta utumwa Unguja ilikuja mwaka 1897, na waliolipwa fidia walikuwa mabwana. Mtumwa hakupata hata senti. Huku Tanganyika tulingoja mpaka mwaka 1922.

James Mbotela, mtu wa kizazi cha walioachwa huru kule Frere Town, Mombasa, aliandika Uhuru wa Watumwa, kikatoka mwaka 1934, kikimshukuru Mwingereza. Simlaumu hata chembe. Kama mzee wangu angetolewa tumboni mwa jahazi na manowari ya Kiingereza, nami ningeandika shukrani. Swali langu ni jingine: mlango wa kiwanda cha chapa ulikuwa mkononi mwa nani, na alikuwa anampitisha nani?

Hapa ndipo utamu ulipo, na hapa ndipo shule zetu zinapopita haraka. Mwaka 1925 wakubwa wa elimu walikutana Dar es Salaam kuzungumzia lugha ya shule. Mwaka 1928 wakakutana Mombasa, na palepale Mombasa, mji wa Muyaka, wakaamua kwamba Kiswahili cha vitabu kiwe kile cha Unguja mjini. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya nchi nne: Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Kazi yao ilikuwa kulinganisha tahajia, kutunga kamusi, ambayo ilitoka mwaka 1939, na kukagua miswada ya vitabu vya shule. Kitabu ambacho Kiswahili chake kimeridhisha Kamati kinagongwa muhuri wa kibali. Na wajumbe wale wa mwanzo walikuwa Wazungu. Mwenye lugha alikuwa mtu wa kuulizwa, hakuwa mtu wa kuamua. Mzee wa Mombasa alilala ana Kiswahili, akaamka ana lahaja.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana sitaki mtu aseme nimeegemea upande mmoja. Kazi ya Kamati ile imenifaa. Leo naandika Tanga nasomwa Kisumu, Bukavu na Bujumbura bila mkalimani. Hata makala haya nayaandika kwa tahajia yao, na kama si wao labda ningekuwa naandika kwa watu wa kutoka Pangani mpaka Mkinga basi. Wala si Mwingereza aliyeanza kuingiza herufi za Kirumi kwenye shule za serikali. Mjerumani alimtangulia, tena hapahapa Tanga, miaka ya 1890, na neno "shule" lenyewe ni la kwake. Gazeti la Kiongozi lilikuwa likitoka Tanga tangu mwaka 1904. Kwa hiyo sisemi kazi ilikuwa mbaya. Nasema anayekusawazishia nyumba yako, kisha akabaki na ufunguo, hajakupa nyumba.

Na baada ya kusawazisha, tukapewa nini cha kusoma? Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, vyote mwaka 1929, vyote vimetafsiriwa na Johnson huyohuyo. Mashimo nimeisoma mara tatu, nakiri, na mara zote tatu nilikesha. Ni hadithi ya Wazungu wanaoingia nchi ya watu weusi kutafuta almasi, wanazikuta, wanaondoka nazo mifukoni, na wewe msomaji mweusi umelala kifudifudi kitandani unawaombea wafike salama. Hebu fikirini kitabu hicho kimewekwa mbele ya mtoto ambaye baba yake, asubuhi hiyohiyo, yuko shambani anakata mkonge.

Nimegusa mkonge, na mkonge unanirudisha nyumbani.

Babu yangu, mume wa Bibi, alikuwa Muha wa Kasulu. Alikuja Tanga kama manamba. Nasikia siku hizi vijana wa mjini wanalitumia neno hilo kwa wapiga debe wa daladala, lakini manamba wa kwanza walikuwa watu walioajiriwa kwa mkataba, wakapewa namba, wakasafirishwa kwa treni na malori mpaka mashambani. Tangu mwaka 1944 matajiri wa mkonge walikuwa na ofisi yao ya kukusanya watu, ikiitwa Silabu. Babu alisema walipimwa kifua kama ng'ombe wa mnadani. Buha hakukuwa na zao la maana lililopelekwa na serikali, ila kodi ilifika kila mwaka bila kuchelewa, na ukitaka pesa ya kodi njia ni moja, nayo inaelekea Tanga. Mwenzetu anaita hiyo biashara. Biashara gani ambayo mmoja anawekewa kodi ili alazimike kuuza mikono yake, na bei ya mikono hiyo anaipanga mnunuzi?

Mashambani walikuwa na kipande, kadi ya siku thelathini za kazi. Mshahara hutoki mpaka kipande kijae. Ukiumwa, siku haihesabiwi. Usipomaliza fungu lako, siku haihesabiwi. Babu alikuwa hajui mwaka aliozaliwa, lakini namba yake aliikumbuka mpaka anakata roho, na mara nyingine akiwa na homa alikuwa anaitika "Niko!" kwa sauti ya kijana. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge. Nyuzi zikapakiwa melini bandarini Tanga, kamba zikasokotwa ughaibuni, faida ikabaki hukohuko. Kenya nako walikuwa na kipande chao, cha sheria ya mwaka 1915, kikaanza kutumika baada ya vita: karatasi ya alama za vidole ndani ya kijisanduku cha bati, kinaning'inia shingoni. Na Mwafrika wa huko kwa miaka mingi hakuruhusiwa kulima kahawa, ili asishindane na setla. Halafu tunaambiwa tulifundishwa biashara.

Kwani hatukuwa nayo? Tia mkono mfukoni. Pesa na rupia zilikuja na upepo wa Hindi, hela ni ya Mjerumani, shilingi ni ya Mwingereza, ya miaka ya mwanzo ya 1920. Sisi tumeyapokea yote, tukabadili fedha kila bwana alipobadilika, na mpaka leo ukinidai nitakwambia sina hela, Mjerumani akiwa ameondoka zaidi ya miaka mia. Watu wanaoweza hivyo hawakuhitaji kufundishwa kuuza na kununua. (Na mwalimu mwenyewe wa biashara ndiye aliyeanzisha lile shamba la karanga la Kongwa, Urambo na Nachingwea mwaka 1947, akazika humo zaidi ya pauni milioni 35, akaliacha mwaka 1951. Wagogo wangeweza kumwambia bure kwamba mvua ya Kongwa si ya kutegemea.)

Turudi shule. Mwaka 1924 ilipita Afrika Mashariki tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani. Mwaka uliofuata London ikatangaza msimamo wake wa elimu ya Mwafrika, na wimbo ulikuwa mmoja: afundishwe mambo yanayolingana na mazingira yake. Jembe, usafi, ufundi wa mikono. Ukiisikia hivihivi inapendeza, na jembe si tusi, mama yangu amenilea kwa jembe. Lakini nani aliyeamua mazingira yangu ni yapi? Mtoto wa Kizungu alikuwa na shule yake, wa Kihindi yake, wetu yake, kila mmoja na bajeti yake, na hakuna aliyemwambia mtoto wa Kizungu kwamba mazingira yake ni jembe. Shule ya Tabora ilipofunguliwa mwaka 1925 ilikuwa kwa watoto wa machifu, ili wapatikane watawala wadogo wa kumsaidia mtawala mkubwa. Huko ndiko alikopita Nyerere kuanzia mwaka 1937, na Mwingereza hakupata alichokitarajia, lakini hiyo ni bahati yetu, haikuwa shabaha yake.

Na lugha? Kiswahili kilikuwa cha madarasa ya chini. Ukipanda, unakivua mlangoni kama viatu. Watoto wakajifunza bila kufundishwa kwamba kuna lugha ya kuhesabia mbuzi na kuna lugha ya kufikiria. Huo ndio ukoloni ninaougombania mimi. Reli inaweza kung'olewa na bendera ikashushwa, ila hilo la viatu bado tunalo.

Mnamjua Shaaban Robert, maana kila mmoja wetu anataka kuwa yeye. Karani wa forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944, anahesabu mizigo ya watu mchana, anaandika usiku. Alitumia mlango mdogo uliokuwepo, gazeti la serikali la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, akapenya. Kusadikika ilipotoka mwaka 1951 aliiweka nchi yake angani, na kila msomaji mwenye akili alielewa kwa nini haikuwekwa chini. Basi mwezi Juni 1962 wakakutana Makerere waandishi wa Afrika, mkutano mkubwa, wa kwanza wa aina yake. Sharti la kuingia: uwe umeandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o, akiitwa James Ngugi, mwanafunzi mwenye hadithi chache, alialikwa. Shaaban Robert, mwenye rafu nzima ya vitabu, hakuwa mwandishi wa Afrika kwa kipimo hicho. Na mwezi huohuo wa Juni 1962 akafariki dunia. Ngũgĩ mwenyewe alikuja kulisema jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1986, na aliona aibu kwa niaba ya wote. Sisi bado hatujaiona. Tukikaa kikaoni, anayesoma kwa Kiingereza anapewa kiti cha mbele.

Sasa niseme la kwangu. Kwenye shule niliyosoma kulikuwa na kibao. Ubao mdogo, umetobolewa juu, umetungwa kwa kamba ya katani. Ukisikika unaongea Kiswahili unavishwa shingoni, unakaa nacho mpaka umsikie mwenzako akiteleza, umvishe yeye. Jioni kiranja anauliza kinaishia kwa nani, na aliyeishiwa nacho anachapwa au anachimba shimo la taka. Nilikivaa mara nyingi kuliko mtu yeyote darasani, kwa sababu mdomo wangu haukai kimya. Kitu kile hakikunifundisha Kiingereza. Kilinifundisha kunyamaza, na kuviziana na rafiki zangu. Wala hakuna Mwingereza aliyekuwa pale. Mwalimu mkuu alikuwa Msambaa, mwalimu wa zamu Mchaga, kiranja Mdigo, na sisi wanafunzi tulikuwa tumezaliwa karibu miaka arobaini baada ya uhuru.

Halafu mtihani wa Historia. Swali moja lilikuwa juu ya vibarua wa mashamba makubwa enzi za ukoloni. Jamani! Nilikuwa na Babu kichwani, na namba yake, na kipande, na Silabu, na lile "Niko!" la homa. Nilijua kitu ambacho labda hata aliyetunga swali hakukijua. Nikashika peni, nikatafuta Kiingereza cha kipande, sikukipata. Nikatafuta cha fungu la mkonge, sikukipata. Nikaandika sentensi tatu zilizovunjika miguu, nikaruka swali. Historia nilipata F. Nilifeli maisha ya babu yangu kwa sababu sikuweza kuyasema kwa lugha ya bosi wake.

Kwa hiyo rafiki yangu, usidhani nakwambia wewe peke yako. Mwingereza kaondoka mwaka 1961. Mwaka 1967 tukaamua wenyewe kwamba shule za msingi zifundishe kwa Kiswahili, na dunia haikuanguka. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ikapendekeza sekondari nazo zifuate, kuanzia mwaka 1985. Serikali, serikali yetu, si ya Malkia, ikakataa. Sekondari zetu kwa sehemu kubwa bado zinafundisha kwa Kiingereza, na nusu ya walimu wanafafanua kwa Kiswahili baada ya kufunga mlango, kama watu wanaokunywa gongo. Nimeingia kwenye madarasa hayo, sihadithiwi. Huu si tena mzigo wa Mwingereza. Tumeupenda.

Atasema: na Gurnah je? Mzanzibari mwenzetu, kaandika kwa Kiingereza, kapata Nobel mwaka 2021. Vizuri sana, nilishangilia. Lakini huyo aliondoka kwao akiwa kijana, akaishi na Kiingereza miaka zaidi ya hamsini, na Pwani yake amekwenda nayo. Wewe umeishi nacho wapi, Chumbageni? Nimesoma hadithi zako. Watu wako wanaongea kama wasomaji wa taarifa ya habari. Mama anapigana na muuza dagaa sokoni Mgandini, na ugomvi wote unakwenda bila tusi hata moja la Kidigo. Kisha nikasikia ukisimulia ugomvi huohuo kwa mdomo, kibarazani, kwa Kiswahili chako cha nyumbani, nikacheka mpaka nikashika ukuta. Kwa nini ile uliyotuchekesha nayo hukuiandika? Kiingereza kijue, mimi mwenyewe natamani kukijua, nikipata pesa ya masomo ya jioni nitakwenda. Ninachokataa ni kukivaa shingoni.

Na wale wanaosema soko, soko. Siti binti Saad hakuwa amesoma, aliuza vyungu kabla hajawa mwimbaji, akaimba taarabu kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi santuri zilizoenea Afrika Mashariki nzima. Mfanyabiashara wa santuri aliona soko kwa mwanamke wa Fumba aliyeimba kwa lugha ya watu wake. Mchapishaji wangu aliyepima riwaya kama samaki hakuliona. Naomba mtu anieleze nani kati ya hao wawili anaijua biashara.

Lile daftari nimelipeleka kwa maalim mmoja wa madrasa mtaani kwetu. Alivaa miwani, akafungua, akaanza vizuri, halafu akakwama. Akanieleza kwamba Kiswahili cha hivi kilikuwa kinaandikwa na wenyewe kwa wenyewe: herufi ya b unaweza kuisoma b, au p, au mb, ya f inaweza kuwa v. Inabidi neno ulijue kwanza ndipo ulisome. "Hiki si Kiarabu, kijana wangu," akasema, "hiki ni kwenu. Inabidi ukae ujifunze mwenyewe." Tunakaa kila Jumatano baada ya swala ya alasiri. Mimi nikiwa mwanafunzi mkubwa kuliko wote, katikati ya watoto wa miaka saba wanaonicheka nikikosea alifu.

Tumefika ukurasa wa tisa. Si mashairi, kama nilivyotumaini. Ni madeni. Bibi akiwa msichana alikuwa anauza vitumbua na mama yake kando ya shamba la mkonge, wanawakopesha manamba mpaka kipande kijae, na ndiye aliyekuwa akiandika. Kurasa kwa kurasa: fulani, vitumbua vinne, fulani, chai na vitumbua viwili, fulani amelipa, fulani amekufa, basi. Hakuandika namba ya mtu hata mmoja. Ameandika majina, na asiyejua jina lake ameandika alivyo. Wiki iliyopita nilisoma mstari wangu wa kwanza bila maalim kuniongoza, kidole kikitoka kulia kwenda kushoto, jasho linanitoka: Muha mrefu, vitumbua sita, hajalipa.

Jumamosi ijayo nakuja nalo kikaoni. Mwenzetu naye aje na insha yake, tusomeane.